Shati la Arvid Haugsrud

Harlan Tveit aliingia mahakamani kama anayeingia kwenye harusi ya bintiye. Alimpa mkono askari wa mlangoni, akamuuliza karani hali ya mama yake, akampigia kope mama mmoja aliyekuwa akipiga deki, kisha akaja mpaka kwenye benchi la ukumbini walipokaa Arvid na mkewe. Akamtandika Arvid begani lile kofi lake la kirafiki, ambalo humwacha mtu akikohoa.

"Leo ndiyo leo, bwana! Nikitoa ushahidi wangu, mpaka saa sita tutakuwa tumekurudishia haki yako, halafu wewe utanilipa kwa pai za Marlys."

"Pai ni zangu," Marlys akasema bila kuinua macho. "Wa kulipa nazo ni mimi, si yeye."

Harlan akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayegombea, kirefu, kinachoangalia pembeni kuona nani mwingine anacheka. Uchaguzi wa halmashauri ya kaunti ulikuwa umekaribia, na vibao vyake vilikuwa vimechomekwa kila uwanja wa nyumba kuanzia kanisa la Walutheri mpaka kiwanda cha mbao: picha yake na bunduki begani, na chini maneno makubwa, TVEIT HULENGA PALEPALE. Arvid naye alikuwa amechomeka kimoja kwake. Marlys alikuwa amekigeuza kikaangalia ukuta wa banda la kuni, na Arvid hakukigeuza tena.

Arvid akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la siku zote, lile alilolivaa tangu alipotoka jela ya kaunti karibu miaka thelathini nyuma. Enzi hizo alikuwa mlevi, na usiku mmoja yeye na mwenzake walivunja duka la vifaa vya uvuvi lililofungwa kwa msimu wa baridi, wakatoka na injini ya mashua na katoni ya sigara. Hakuna aliyeguswa hata unywele. Lakini kwa sheria za Minnesota kuvunja jengo namna ile kulihesabiwa pamoja na makosa ya ukatili, na mtu wa makosa hayo haruhusiwi kugusa bunduki maisha yake yote, isipokuwa jaji aone sababu nzuri ya kumrudishia haki hiyo.

Arvid hakuitaka bunduki kwa ajili yake. Aliitaka kwa ajili ya Marlys.

Marlys alimwangusha kulungu wake wa kwanza akiwa msichana wa miaka kumi na miwili, mbele ya kaka zake watatu waliokuwa wamekwisha kukosa. Alikuwa na jicho na alikuwa na subira, na baba yake hakuficha kwamba katika watoto wake mwindaji ni huyo mmoja. Halafu akaolewa na Arvid. Bunduki haingeweza kulala chini ya paa moja na mtu mwenye katazo lile, hata ikiwa ya mkewe, kwa hiyo Marlys akaipeleka yake kwa kaka yake kule Duluth, na kaka yake akaiuza. Tangu hapo kila Novemba, siku ya kwanza ya msimu, mji wote ukivaa fulana za kiwindaji za rangi ya chungwa na kupotelea msituni, Marlys alibaki jikoni akioka pai za watu wengine. Hakulalamika hata siku moja. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumkataa, na daktari alikuwa amemwambia asihesabu misimu mingi zaidi ya kutembea porini. Walikuwa wamekwisha kuchagua mahali, nyuma ya miti ya mibetula kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, pa kuweka viti viwili. Ombi la Arvid mahakamani halikuwa na zaidi ya hilo.

Na kama kuna mtu aliyestahili, ni yeye. Miaka yote hiyo alikwenda kwenye kambi ya uwindaji ya Harlan kama mpishi. Aliamka kabla ya wote akawachemshia kahawa, akapika viazi na soseji, akapasua kuni, akawasha moto wa sauna ya kuogea mvuke, akasugua masufuria, akawasaidia kuburuta mizoga kwenye theluji mpaka mgongo ukafa ganzi. Bunduki hakuigusa. Akikuta mtu ameegesha yake kwenye kiti, alisimama na sahani yake mkononi akiomba, "Jamani, nani wa kunitolea hii nikae?" Wao walicheka wakamwacha asimame mpaka chakula kikapoa. Alivumilia, kwa sababu alitaka siku moja aweze kula kiapo mbele ya jaji bila kubabaika. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa imefika.

Walipoitwa ndani, jaji alikuwa mzee mwembamba mwenye mafua, na mabenchi ya nyuma yalikuwa na wale wazee wa mgahawani ambao huja mahakamani kwa ajili ya joto la bure, pamoja na kijana wa gazeti la mji. Upande wa pili alisimama Bi Scholl, mwendesha mashtaka wa kaunti, mwanamke mfupi aliyekunja mikono ya koti lake kama anayetaka kuosha vyombo.

Wakili wa Arvid alimwita kwanza Elroy Pelto. Elroy alikuwa mtu wa kambini, moyo mkubwa na mdomo usio na kizibo. Kibarua chake cha kusukuma theluji barabarani alikipata kwenye kampuni ya Harlan.

"Mheshimiwa," Elroy akaanza, na macho yake yalikuwa yamelowa tayari, "huyu Arvid ni mtu wa watu. Nilipovunjika mguu alinikatia kuni za msimu mzima. Halafu hana makuu. Mtu mnyenyekevu mpaka basi! Nitakupa mfano mmoja tu. Kambini kwetu shati lake lipo ukutani, lina jina lake, na wala si..."

Kutoka benchi la mbele Harlan akakohoa. Kilikuwa kikohozi kimoja, kikavu. Elroy akamtazama, mdomo ukabaki wazi, halafu akaufunga.

"Ndiyo hivyo tu," akasema. "Mnyenyekevu sana."

Kwa mtu wa mbali hadithi ile ilikuwa porojo. Lakini katika chumba kile hapakuwa na mtu wa mbali, na Bi Scholl alikuwa amekwisha kusimama.

"Bwana Pelto, mimi nimekulia kambini. Baba yangu alikatwa mashati mawili. Hebu mweleze jaji, kwenu mtu hukatwa shati kwa lipi?"

"Ah, ni utani tu, mama. Wanaume, unajua tena."

"Najua. Kwa lipi?"

"Kwa... akifyatua akamkosa kulungu. Tunamkata pindo la nyuma tunalitundika. Tunaandika jina na mwaka."

"Na la Bwana Haugsrud lina mwaka gani?"

"Ule wa theluji kubwa. Kama miaka minne nyuma."

"Kwa hiyo miaka minne nyuma Bwana Haugsrud alifyatua akamkosa kulungu. Alifyatua nini, Bwana Pelto? Ufagio?"

Wazee wa mgahawani wakaangua kicheko, na hata jaji akajificha kwenye leso yake. Elroy alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akamtazama Harlan, akamtazama Arvid, akamtazama tena Harlan, kama mbwa mwenye mabwana wawili.

"Sikumbuki vizuri," akasema, na akaachiliwa akakae.

Wakili akamwinamia Arvid. "Umewahi kushika bunduki? Niambie kweli sasa hivi."

"Kamwe."

"Na hilo shati?"

"Ni langu. Lakini aliyemkosa kulungu ni Harlan."

Ilikuwa hivi. Asubuhi ile Arvid alikuwa amewapelekea kahawa Harlan na Elroy ukingoni mwa kinamasi. Kulungu dume akatoka kwenye vichaka, mkubwa, pembe za matawi manane, akasimama akawageuzia ubavu kama anayepigwa picha. Harlan akafyatua, akakosa. Akafyatua tena, akakosa tena. Kulungu akaondoka kwa mwendo wa kawaida, bila hata kukimbia, na hilo ndilo lililomuuma Harlan zaidi. Baba yake Harlan ndiye aliyeijenga kambi ile, na katika ukuta wote ule hapakuwa na kitambaa hata kimoja chenye jina la Tveit. Jioni, mikasi ilipotolewa, Harlan akapiga meza akasema, "Lakini huyu mpishi wetu mbona hana kitu ukutani? Ni mwenzetu au si mwenzetu?" Wote wakapokea kwa vifijo. Na Arvid, hapa ndipo palipomchafua roho kila alipopakumbuka, Arvid aligeuka mwenyewe akainama, akawaachia mgongo wakate shati lake badala ya la Harlan. Alifurahi. Alirudi nyumbani na shati lisilo na nyuma, akacheka peke yake mlangoni, akamwambia Marlys kwamba sasa na yeye yumo. Marlys alilishika lile shati, alilomnunulia mwenyewe, akasema, "Wamekugeuza dekio, na wewe unashukuru."

"Harlan atasema," Arvid akamnong'oneza wakili. "Ndiye shahidi anayefuata. Akiulizwa atasema. Ni neno moja tu."

Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Unaweza kuwaza mtu amwache mwenzake azame kwa sababu ya ukatili, au mali, au mwanamke. Lakini kwa sababu ya kulungu? Arvid hakuwa na akili ya kuwaza uchafu mdogo kiasi hicho.

Harlan akaapa kwa sauti nzito. Akamsifu Arvid vizuri, mpishi hodari, mtu wa kanisa, mume mwema. Aliposema mume mwema akamtazama Marlys, akatikisa kichwa kwa upole. Kisha Bi Scholl akasimama.

"Bwana Tveit, kambi ni yako. Hilo shati unalijua?"

"Yapo mashati mengi pale, Bi Scholl. Zaidi ya mahindi ghalani."

Watu wakacheka kidogo. Harlan akawaacha wacheke.

"La Bwana Haugsrud. Ule mwaka wa theluji kubwa, nani alimkosa kulungu?"

Kijana wa gazeti alikuwa na kalamu mkononi. Arvid aliyaona macho ya Harlan yakienda kwenye ile kalamu, yakakaa pale, yakaenda kwa wale wazee ambao kesho asubuhi wangeimwaga habari nzima mgahawani pamoja na mayai yao, yakarudi kwa Bi Scholl. Hayakupita kwa Arvid. Yalimruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Miaka imepita," Harlan akasema. "Mimi siku ile nilikuwa upande wa pili wa kinamasi. Sikuona."

"Umewahi kumwona Bwana Haugsrud na bunduki?"

"Kwa macho yangu haya? Hapana."

"Yaani huenda aliishika bila wewe kumwona?"

Harlan akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. "Mama, mimi si mtu wa kumsema vibaya mwenzangu."

Ukitaka kujua uongo unavyonuka, ndio ule. Angesema tu kwamba Arvid aliwinda, Arvid angemwita mwongo mchana kweupe na mambo yakaisha. Lakini yeye alimpaka matope na huku anamfuta vumbi begani, na uso wake ulikuwa na huruma, huruma halisi kabisa, kama vile yeye ndiye aliyesalitiwa. Arvid alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akaona kinyaa cha kweli, kile cha mtu anayegundua nusu ya unywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

Akasimama. "Harlan, sema."

"Kaa chini, Bwana Haugsrud," jaji akasema.

"Aliyemkosa ni yeye! Mara mbili! Kulungu amesimama, amemgeuzia ubavu, mtoto angemwangusha kwa kombeo. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya kahawa. Elroy alikuwepo. Elroy, sema basi!"

Elroy alikuwa ameangalia viatu vyake. Wazee wa mgahawani wakacheka tena, safari hii mpaka mmoja akashika mbavu. Harlan Tveit akose kulungu aliyesimama! Hawakuwa wamesikia utani mzuri hivyo tangu kiangazi. Harlan naye akacheka, taratibu, akitikisa kichwa, kama anayemsamehe mlevi.

Jaji alipiga chafya, akafuta pua, akangoja kimya kirudi. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya kawaida.

"Bwana Haugsrud, ulikuja hapa kuniomba nikuamini. Sasa nina jina lako juu ya kitambaa ambacho kila mtu katika kaunti hii anajua maana yake. Ama uliwinda kinyume cha amri, ama ulikubali jina lako libandikwe kwenye uongo na leo unamtupia lawama shahidi wako mwenyewe. Vyovyote iwavyo, sababu nzuri sijaiona. Ombi limekataliwa. Unaweza kurudi baada ya miaka mitatu."

Basi. Miaka mitatu. Arvid hakugeuka kumtazama Marlys, kwa sababu alijua anachokipigia hesabu ni goti.

Bi Scholl alikusanya karatasi zake. Alipopita karibu na Harlan alisimama kidogo akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, mtazamo wa mtu anayenusa maziwa kabla ya kuyamwaga. Kama alikuwa amejua, hakusema. Ombi lilikuwa limekataliwa, na yeye kazi yake ilikuwa imekwisha.

Ukumbini Marlys alikwenda kuchukua makoti. Elroy alikuwa amejificha nyuma ya mashine ya kahawa, mtu mzima na tumbo lake lote, akidhani haonekani. Na Harlan akaja. Ndiyo, alikuja, mikono imefunguka, uso umejaa pole.

"Arvid, ndugu yangu. Siku mbaya hii. Umeniweka pabaya kweli pale, lakini sina kinyongo na wewe, nataka ujue hilo."

Arvid akamkodolea macho.

"Wewe mwenyewe uliona," Harlan akaendelea, akishusha sauti na kumsogelea mpaka Arvid akanusa peremende mdomoni mwake. "Yule kijana wa gazeti amekaa pale na kalamu. Ningesema nini? Vibao vyote vile, bwana! Ningekuwa kichekesho cha kaunti nzima. Uchaguzi ukipita nitakuandikia barua nzito, jaji atailia machozi. Miaka mitatu si kitu, inapita kama upepo. Halafu sikiliza, mwaka huu njoo siku moja kabla. Tumenunua jiko jipya, la gesi, meko sita. Nilisema, Arvid wetu ateseke na lile la zamani mpaka lini?"

Akanyoosha mkono.

Arvid aliutazama ule mkono. Ulikuwa msafi, wenye joto, kucha zimekatwa vizuri. Alijua barabara anachopaswa kuufanyia. Lakini mtu aliyekaa karibu miaka thelathini akimwogopa kila mwenye sauti, akimchekea bosi, akimchekea askari, akiomba kiti kwa watu waliokalia haki yake, mtu huyo viungo vyake vimekwisha kujifunza kazi. Mkono wa Arvid uliinuka. Ukaingia katika mkono wa Harlan, ukabanwa, ukatikiswa. Arvid akasema neno moja la kujibu, Harlan akamtandika bega, akaenda kumwahi kijana wa gazeti kabla hajafika mlangoni.

Arvid alipogeuka, Marlys alikuwa amesimama nyuma yake na makoti mawili mkononi. Akampa lake.

Walishuka ngazi polepole, Marlys akiegemea reli kwa ajili ya goti, akakataa kushikwa. Nje theluji ya kwanza ilikuwa ikianguka nyepesi na kuyeyuka juu ya lami. Waliingia garini, Marlys kwenye usukani. Akaingiza ufunguo lakini hakuwasha.

"Umempa mkono," akasema.

"Mkono ulikwenda wenyewe."

"Ulikwenda wenyewe."

"Marlys, sikujua. Nakuapia. Nilikuwa nataka kumtemea mate. Mpaka sasa nasikia kutapika." Alikuwa ameushikilia ule mkono mbali na mwili, juu ya goti, kama kitu alichokiokota. "Sirudi kule kambini. Nakuambia leo, sirudi tena. Watapikiana wenyewe."

"Unaniambia mimi."

"Nakuambia wewe, ndiyo."

Marlys alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo, ambako vipande vya theluji vilikuwa vikitua na kuwa maji. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na Arvid angetoa chochote ili iwe nayo.

"Na alipokuambia habari za hilo jiko jipya, ulimjibu nini?"

Arvid alifungua mdomo. Alitafuta neno jingine lolote la kuweka mahali pa lile alilosema, na hakulipata.

"Nilisema asante."

Marlys akawasha gari, akatazama nyuma, akalitoa taratibu kwenye maegesho.